Bibi Anaumwa, Njoo

Watu wa chini hawapandi juu, na watu wa juu hawashuki chini. Walikubaliana hivyo kabla hata ya kufika Muscat, na ndilo jambo pekee walilokubaliana mpaka leo. Kwa hiyo napanda mimi, nashuka mimi. Jumba la wageni tulilowapangia lina lifti nzuri ya vioo, lakini Ustadh Ghassan, mkuu wetu sisi wasuluhishi, ametukataza kuitumia. Anasema mtu anayepita ngazini hupata nafasi ya kuacha hasira za ghorofa aliyotoka. Yeye mwenyewe hupanda mara moja kwa siku. Magoti yangu ndiyo yanayosuluhisha dunia.

Nchi zao nimekatazwa kuzitaja, nami sitazitaja. Juu kuna nchi moja, chini kuna nyingine, zinapakana, na zote mbili zina mabomu ya nyuklia. Mazungumzo yetu hayahusu yale makubwa ya kuvuka bahari. Hayo angalau watu wamewahi kukaa wakayahesabu. Sisi tunazungumzia yale yanayoitwa madogo, ya masafa mafupi, ya kufyatuliwa kwenye uwanja wa vita. Madogo! Siku ya kwanza nilipolitafsiri neno hilo ulimi ulinisita. Dogo lao moja lingetosha kuifuta Ruwi yetu hapa Muscat, na mtaa wake wote wa Hamriya, lakini wataalamu wanalitamka kama mtu anayechagua kikombe cha kahawa.

Ugomvi wao ni huu. Kombora lenye bomu la kawaida na kombora lenye bomu la nyuklia ni lile lile; gari ni moja, askari ni wale wale, na kwa nje huwezi kutofautisha. Kichwa cha nyuklia chenyewe hukaa ghalani, mbali na mpaka, hadi itakapoamuliwa kitolewe. Wa juu wanataka wakaguzi waingie maghalani wahesabu. Wa chini wanasema mle ndani wana siri nyingine, na kuhesabiwa ni kuvuliwa nguo hadharani. Wa juu nao ukiwauliza kama watafungua maghala yao wenyewe, wanaagiza chai.

Haya yote ningeyabeba kama mzigo wa watu, lakini mwanangu Azzam anasoma udaktari kwa hao wa chini. Yuko mwaka wa mwisho, katika mji ambao ukisimama juu ya paa la bweni unauona mpaka. Mimi mwenyewe nilisoma nchi hiyo nikiwa msichana, ndiko nilikopata lugha yao, na ni mimi niliyempeleka. Pande zote mbili zinalijua hilo. Walituchunguza mpaka kina cha visima vyetu kabla ya kutukubali.

Jumatatu asubuhi wa juu waliniita. Setilaiti yao, walisema, imeona malori yakitoka kwenye ghala moja la wa chini, yamefunikwa turubai, yanaelekea mpakani. Wakautaja mji. Nilikuwa nimesimama, nikakaa bila kukaribishwa.

"Waulize yamebeba nini," wakaniambia.

Nikashuka. Mkuu wa ujumbe wa chini ni mtu mrefu, mpole, anayependa halwa yetu kupita kiasi. Alinisikiliza hadi mwisho, akafuta vidole, akasema, "Hatuthibitishi wala hatukanushi."

Hapo nilitakiwa kuinama na kuondoka. Lakini nilibaki nimesimama, nikamuuliza kwa sauti yangu mwenyewe, "Ni mazoezi tu, au siyo?"

"Bi Balqees," akaniambia, tena kwa upole, "nikikwambia leo kwamba malori hayana kitu, siku nitakayonyamaza utajua yana kitu. Kwa hiyo nanyamaza siku zote."

Nilimwelewa vizuri sana, na kumwelewa huko ndiko kulikonitia baridi. Hakuwa mwendawazimu. Alikuwa mtu mwenye akili timamu, anayetia halwa mdomoni.

Nikapanda na jibu. Wa juu wakatazamana. Mmoja wao, kijana wa kijeshi aliyevaa suti, akasema kama jibu ndilo hilo basi ni lazima wayahesabu malori kuwa yana nyuklia. Na kama yana nyuklia, ni heri yapigwe kabla hayajatawanyika mjini. Kisha akanigeukia. "Hilo usilishushe," akasema.

Niliapa kwa msahafu nilipoianza kazi hii: ninachosikia kwenye ghorofa moja hakiendi nyingine bila ruhusa, na hakivuki geti kwa hali yoyote. Ustadh Ghassan alinikumbusha kiapo hicho kwa macho tu nilipomweleza niliyoyasikia. Akasema niende nyumbani nikale, nirudi saa kumi.

Njia nzima hadi nyumbani Ansab nilishika usukani kwa mikono miwili kama anayejifunza kuendesha. Mama alikuwa jikoni anamgombeza papa mkavu aliyeletewa, ati si papa huyo, ni kiatu. Mama yangu, Bi Hajar, ana miaka sabini na nane na presha nzuri kuliko yangu. Ananisema kwa chumvi, kwa mafuta, kwa kuchelewa kurudi. Siku ile hata sikumsikia. Nilikwenda barazani, nikampigia Azzam.

"Mama! Mbona saa hizi?"

"Mwanangu," nikasema. Simu zetu husikilizwa. Hilo tuliambiwa wazi siku ya kwanza. Nikatamka maneno ambayo sikuwa nimeyapanga. "Bibi anaumwa. Njoo."

Kwetu anayeitwa kwa maneno hayo haulizi anaumwa nini. Mara nyingi ndivyo msiba unavyopelekwa kwa aliye mbali, ili asianguke njiani peke yake. Akifika ndipo anapoambiwa kwamba mgonjwa alishazikwa. Kila mtu kwetu anaijua maana yake, na kila mtu hujifanya haijui. Nikasikia pumzi za Azzam.

"Nna mtihani Alkhamis," akasema taratibu.

"Njoo, Azzam."

"Nakuja, mama. Nakuja kesho."

Nilipogeuka, Mama alikuwa mlangoni na mwiko mkononi.

"Nani anaumwa?" akaniuliza. "Mie? Nnaumwa na nini, nijue na mie?"

"Mama, nakuomba. Lala kitandani siku mbili."

"Astaghfirullah! Wewe mtoto una wazimu? Unaniapiza mzima mzima?"

Nikaanza kulia. Mama hajaniona nikilia tangu marehemu mume wangu alipotutoka. Aliniangalia, akauweka mwiko juu ya friji, akaenda chumbani, akajifunika shuka mpaka kidevuni. "Siku mbili," akasema kutoka huko. "Na papa wako utampika mwenyewe."

Nilimpenda kwa lile. Nikajiona mjanja pia, sikatai. Mwanangu angetoka, siri ingebaki, na hakuna geti lililovukwa.

Ujanja wangu ulidumu mpaka Alasiri. Nilikuwa navaa viatu nirudi kazini, akaingia Lamya kutoka Hamriya, chupa ya maji ya Zamzam kwapani, macho mekundu, nyuma yake watoto wawili wamebeba sufuria ya supu.

"Da Balqees, mbona hukutwambia? Tunasikia kwa watoto!" Akapita moja kwa moja chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda. "Mama Hajar, unanijua mie nani?"

"Nakujua, Lamya," alisema Mama kwa sauti nyembamba iliyonishangaza kwa ustadi wake. "Umenenepa."

Lamya si ndugu yangu wa tumbo. Ni ndugu wa ziwa. Mama alinyonyesha kila mtoto ambaye mama yake aliugua, alifariki, au alikaukiwa, tangu Unguja kabla ya kuhama na hapa Muscat tulipokuwa bado tunapanga vyumba viwili. Enzi zile mwenye ziwa hakumnyima mtoto wa jirani. Wote hao leo wana familia zao, na watoto wao ni wajukuu wa Mama kwa dini na kwa mapenzi, wanamwita bibi. Mimi nilipompeleka Azzam kusoma, Lamya akampeleka binti yake Afra huko huko ili awe na kaka karibu. Kisha akafuata mwengine, na mwengine.

"Afra nshazungumza naye," Lamya akaniambia huku akimkanda Mama miguu. "Wanakuja wote. Azzam kawaambia, wote wamekata tiketi, ndege moja, kesho mchana. Hata yule wa Bawshar mwenye mguu kwenye plasta. Nani atabaki anasoma na bibi yuko hivi?"

"Wote?"

"Wote tisa, dada. Alhamdulillahi, tumelea."

Nilijishika kwenye kabati la nguo la Mama nikasema ni joto. Katika mji wote ule hakuna Waomani wengine. Kesho mchana, wiki ya mitihani, malori yakiwa barabarani, Waomani wote wangeinuka kwa pamoja na kuondoka, wakiongozwa na mtoto wa mwanamke anayebeba maneno ya ghorofa ya juu. Mtu yeyote aliyekaa uwanja wa ndege na kalamu angeliona. Nilitaka kumwambia Lamya awazuie, lakini ningemwambia kwa sababu gani? Nikaondoka bila kusema, nikijipa moyo kwamba huenda hakuna anayewaangalia.

Asubuhi ya pili mkuu wa chini alikuwa ananisubiri akiwa amesimama. Sahani ya halwa haikuguswa.

"Mama yako hajambo?" akaniuliza.

"Anaumwa," nikasema.

"Pole sana. Na mama wa wanafunzi wanane wengine, nao wanaumwa?"

Nikaanza kumweleza habari ya ziwa. Nilieleza vibaya, kwa lugha yake, lugha isiyo na neno la kitu hicho, nikizunguka kama mtu aliyepotea kwenye vichochoro vya Mutrah. Mama yangu aliwanyonyesha mama zao. Kwa hiyo wao ni wajukuu. Kwa hiyo wanakuja. Alinitazama bila kupepesa. Wenzake wawili waliacha kuandika. Kadiri nilivyosema kweli ndivyo nilivyosikika mwongo. Nilichokuwa nadanganya kweli ni kitu kimoja tu, ugonjwa wenyewe, nacho hawakuwa wamekigusa bado.

"Bi Balqees," akasema, "huko juu wamekwambia nini?"

"Hawajaniambia kitu."

"Wewe ungewatoa watoto wenu wote kwa sababu moja tu: unajua kwamba mji utapigwa. Na kama mji utapigwa, mimi siwezi kuwaacha makamanda wangu wakae wakisubiri, wapoteze walichonacho kabla hawajakitumia. Unanifahamu?" Hakupandisha sauti. "Nataka kuamini kwamba bibi anaumwa. Tuna daktari katika ujumbe wetu. Aende kwenu sasa hivi amwone. Atampima presha tu."

Na hapo, Mungu anisamehe, hasira ilinipanda kuliko hofu.

"Nyinyi!" nikasema. "Mwezi mzima nimepanda na kushuka kuwaomba mfungue mlango wa ghala moja, mmoja tu, mkasema ni aibu. Leo mnataka mfunguliwe chumba anacholala mama yangu?"

Nadhani hata yeye alikisikia nilichokisema, maana aliinamisha macho kidogo. Lakini alipoyainua alikuwa yule yule.

"Nipe jibu kabla ya ndege kuruka," akasema.

Ustadh Ghassan nilimkuta kwenye chumba cha kutayarishia kahawa. Nikamwambia kila kitu pale pale, katikati ya dele na vikombe: simu, uongo, Mama chini ya shuka, Lamya, wajukuu tisa. Nilingoja anifukuze kazi. Ningemshukuru. Badala yake alifunga mlango, akakaa juu ya kreti la maji.

"Bi mkubwa ni mzima kabisa?"

"Jana kala sahani mbili za supu ya wagonjwa."

Hakucheka. "Akienda daktari akamkuta mzima, imethibitika kwamba umewaita kwa sababu nyengine. Tukimkataa daktari, imethibitika vile vile. Tukisema kweli, kwamba uliogopa malori, watauliza ulijuaje, na aliyekwambia ni wa juu. Watasema wa juu wameshakusudia."

"Basi tuwaambie nini?"

"Hawaamini maneno, Balqees. Si yako wala si yangu. Wanaamini wanachokiona uwanja wa ndege."

Akanyamaza. Alikuwa ananiachia nafasi, ndiyo desturi yake. Huwafanyia hivyo juu na chini, mtu alifikie neno mwenyewe lisiwe limetoka kwake. Nimemwona akilifanya hilo mara nyingi nikalistahi. Siku hiyo nililichukia.

"Unataka warudi mjini," nikasema.

"Mimi sitokuamrisha. Wallahi sitokuamrisha."

"Wengine warudi. Azzam aje. Mmoja tu."

"Azzam ndiye wanayemtazama."

Nilijua hilo kabla hajalisema. Kama mama anayepanda na kushuka baina yao amemwacha mwanawe pale, basi hakuna anachokijua. Hiyo ndiyo hati yao ya ukaguzi: mwanangu, juu ya paa la bweni, anautazama mpaka. Na kama malori yamebeba kile wa juu wanachodhani, na yule kijana mwenye suti akashinda hoja yake, nitakuwa nimempeleka huko mara mbili. Nikamuuliza Ghassan kama ana hakika wa juu hawatapiga. Akasema hana. Nikamuuliza kama ana hakika kwamba hao tisa wakipanda ndege wa chini watafyatua. Akasema hana hakika ya hilo pia. Niliogopa siku ile kwa namna ambayo sijapata kuogopa, maana hakukuwa na upande wa kukimbilia.

Nikatoka uani, nikaazima simu ya mpishi, maana zetu zinasikilizwa, nikapiga ya Lamya anipe Mama kwanza. Sauti za wageni zilijaa nyuma yake, mtu anasoma Yasini.

"Mama, inabidi upone."

"Nipone tena?" akanong'ona kwa hasira. "Jana nife, leo nipone. Nyumba imejaa watu, bokoboko liko jikoni..." Kisha akakata. Nilisikia mlango ukifungwa, na ile Yasini ikawa mbali. "Balqees. Mtoto ana nini huko aliko?"

"Siwezi kusema, Mama."

"Alikuwa anakuja akapumzike, au anakuja akaepukane na kitu?"

Mama yangu alitoka Unguja amebeba mtoto mgongoni na mwengine tumboni, na hakungoja kuambiwa wakati wa kutoka.

"Na ukimwambia arudi," akasema, "ndo kheri kwa wengi?"

"Sijui. Wanasema huenda."

"Huenda." Akavuta pumzi. "Basi mwambie nimepona. Mie siwezi kumwambia, Balqees. Usinipe simu niseme naye."

Nikampigia Azzam, safari hii kwa simu yangu, wasikie. Alipokea kwa mlio wa kwanza, nyuma yake matangazo ya uwanja wa ndege. Alidhani anajua ninachompigia, kwamba bibi ameshafariki, nikasikia alivyojiandaa. "Sema tu, mama," akasema. "Tuko pamoja hapa, Afra kanishika mkono. Sema."

Nilikuwa nimejitayarishia maswali yake yote. Nilipanga nitakalojibu akiniuliza ilikuwaje bibi apone kwa usiku mmoja, daktari gani, hospitali gani. Nilipanga jina la dawa. Siku zile zote nilikuwa na watu wasioamini hata saa ya ukutani mpaka waipime wenyewe, nikasahau kwamba duniani kuna watu wa namna nyingine. Na nilitamani aniulize. Nilimwomba Mungu aniulize, asiniamini, anikatalie, apande ndege kwa ubishi wake wa kitoto na mimi nisiwe na la kufanya.

"Bibi kapona," nikasema. "Hajambo kabisa. Msije. Rudini chuoni, mtihani wenu Alkhamis."

Hakuuliza kitu. Akapiga kelele, "Bibi kapona!" na wenzake wakapiga kelele naye, mmoja akaanza kulia kwa furaha, nadhani ni Afra. Nikamsikia akiwaambia waokote mabegi, wamtafutie yule wa mguu gari, basi la mjini linaondoka sasa hivi wakikimbia watalipata. Kisha akairudisha simu sikioni, anahema.

"Ahsante, mama," akasema. "Umeniwahi. Walikuwa wameshaanza kutuita tupande."